Kuitetea Mandolini ya Bei Rahisi

Msomaji, kuna uwongo mmoja unaotembea midomoni mwa watu ukijiita hekima. Uwongo huo husema kwamba chombo cha muziki ni jina lake na bei yake. Kwamba chenye jina kubwa ni kizuri kabla hakijaguswa, na kilichouzwa rahisi ni kibaya kabla hakijasikiwa. Nimeusikia kwa wapigaji hodari, nimeusikia kwa wauzaji, na, jambo linalonisikitisha zaidi, nimeusikia kwa wanafunzi ambao hawajapata kushika chombo hata kimoja maishani mwao. Leo nataka kuupinga. Shahidi wangu si mkubwa wala si mashuhuri. Ni mandolini ya zamani ya Marekani, ile yenye uso uliobinuka, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye fedha kidogo.

Sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Nakuomba unifuate hatua kwa hatua, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tujuane na shahidi. Msomaji wa Mombasa au Lamu anaujua udi. Basi aijue mandolini kuwa ni jamaa mdogo katika ukoo ule ule. Watu wa Ulaya waliupokea udi kutoka kwa Waarabu katika zama za kati, wakauita kwa jina lililotokana na lile la Kiarabu, na katika ukoo huo vikazaliwa vyombo vingi, mandolini ikiwa kimojawapo. Ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, na kila jozi hukazwa kwa sauti moja. Jozi hizo nne hupatanishwa sawasawa na nyuzi nne za fidla, hata mtu ajuaye kupiga fidla huona vidole vyake vinaijua njia. Walakini fidla hupigwa kwa upinde, na mandolini hupigwa kwa kipigio kidogo. Uzi wake ukisha guswa hulia kwa ukali na utamu, kisha hunyamaza upesi. Ndiyo maana mpigaji, akitaka sauti ndefu, hutetemesha kipigio juu na chini kwa wepesi mkubwa, kama mabawa ya ndege anywaye asali ya maua.

Mandolini ya Italia, hasa ya mji wa Naples, ilikuwa na mgongo wa duara mfano wa kibuyu kilichopasuliwa. Mtu aliyeubadili mtindo huo alikuwa Mmarekani aitwaye Orville Gibson, aliyezaliwa mwaka 1856, akaishi na kufanya kazi katika mji wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan. Yeye aliitazama fidla, akajiuliza kwa nini mandolini isichongwe vivyo hivyo. Akachukua ubao mnene, akauchonga mpaka ukapata mbinuko katikati na wembamba kandokando, uso na mgongo pia. Mwaka 1898 serikali ya Marekani ilimpa hati ya haki ya uvumbuzi wake, na mwaka 1902 kampuni yenye jina lake ikaanzishwa mjini Kalamazoo.

Mbinuko huo una kazi yake, wala haukuwekwa kwa urembo. Jumla ya mvuto wa nyuzi nane za mandolini hukaribia uzito wa mtu mzima, na sehemu ya mvuto huo huligandamiza daraja, yaani kile kipande cha mti kinachozibeba nyuzi juu ya uso wa chombo. Uso bapa ukitiwa mzigo hutaka kubonyea. Uso uliobinuka hustahimili, kama kuba la msikiti linavyosimama bila nguzo katikati. Kwa kuwa umbo lenyewe limebeba mzigo, fundi anaweza kuuacha ubao uwe mwembamba. Na ubao ukiwa mwembamba hutikisika kwa wepesi. Na mtikisiko huo ndio sauti tuisikiayo. Kumbuka maneno haya, msomaji, kwa maana hukumu yote ya kesi yetu imo ndani yake: sauti hutoka katika ubao unaotikisika. Haitoki katika jina.

Sasa tuangalie urahisi wa bei, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Wao hudhani kwamba urahisi ni kitu kimoja. Si kweli. Kuna urahisi wa namna mbili, na asiyezitofautisha hana haki ya kuhukumu.

Namna ya kwanza ni urahisi wa kupunguza mapambo. Katika miaka ya 1920 kampuni ile ya Kalamazoo ilikuwa na mandolini ya bei ya chini kuliko ndugu zake, iliyoitwa A-Jr. Rangi yake ilikuwa ya kahawia tu, na mapambo yake karibu hakuna. Ukiiweka karibu na ndugu zake wa bei ya juu, wenye pembe zilizojikunja mabegani na lulu kichwani, utadhani ni mtumishi aliyesimama nyuma ya mabwana. Lakini ipindue, uitazame. Uso wake umechongwa. Mgongo wake umechongwa. Umbo lake la tone la maji ni lile lile la mandolini nyingine za aina ya A zilizotoka katika kiwanda hicho, na tundu lake la mviringo wa yai ni lile lile. Kilichoondolewa ni vitu vilivyopendeza macho. Kazi ya sauti ilibaki. Mnunuzi wa kitu kama hicho hakupunjwa. Alilipia kuni akapewa kuni, na moto wake ukawaka.

Namna ya pili ni urahisi wa kubadili kazi yenyewe. Katika mji wa Chicago palikuwa na viwanda vikubwa, kama vile Harmony, kilichoanzishwa mwaka 1892, na Kay. Viwanda hivyo vilitengeneza vyombo kwa maelfu, na vingi viliuzwa kwa orodha za maduka yaliyopeleka bidhaa kwa posta, hata mkulima aliyekaa mbali na mji aliweza kuagiza chombo chake na kukipokea. Ili bei iwe ndogo, mbinuko wa nyingi za mandolini hizo haukuchongwa. Ubao mwembamba ulilainishwa, ukatiwa katika kalibu, ukakandamizwa mpaka ukashika umbo. Nyingine zilitengenezwa kwa plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, huu ukielekea huku na huu kule.

Hapa nitasema kweli hata kama kweli hiyo inaiudhi hoja yangu, kwa maana mtetezi anayeficha kosa la mteja wake humwangamiza. Plaiwudi haitikisiki kama ubao mmoja uliochongwa. Gundi na mpishano wa nyuzi za mti huufanya uso uwe mgumu na mzito. Sauti yake aghalabu huwa fupi na yenye kupitia puani, na nyuzi nene hukosa kina. Mwenye masikio atayasikia hayo. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba mandolini zote ni sawa. Nasema kwamba tofauti zao zitafutwe mahali zilipo, yaani katika ubao, katika shingo, katika daraja na katika nyuzi. Mtu akitazama kichwa cha chombo, akasoma jina, akatoa hukumu, huyo hajasikia kitu, amesoma tu.

Tena hata ile ya plaiwudi ina haki zake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Uso wake mgumu haupasuki upesi kwa joto na unyevu, kama upasukavyo ubao mmoja uliochongwa mwembamba. Sauti yake kali na fupi hupenya katikati ya kelele za watu na vyombo vingine, na mpigaji anayeshika mahadhi ya kucheza huhitaji sauti ya namna hiyo hiyo, inayogonga na kunyamaza. Chombo kisichofaa kwa wimbo wa kubembeleza chaweza kufaa sana kwa ngoma. Jembe halilaumiwi kwa kushindwa kunyoa ndevu.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii.

Katika shule moja niliyofundisha palikuwa na mandolini kuukuu iliyoachwa na mgeni. Jina lake lilikuwa limekwisha futika kichwani, hata hapana aliyejua imetengenezwa na nani. Uso wake ulikuwa wa kukandamizwa, wenye matundu mawili ya umbo la herufi f, na varnishi yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Mvulana mmoja wa kidato cha pili aliipenda. Alijifunza kwayo kila jioni kwa muda wa majuma sita, na kila jioni alirudi bwenini na vidole vyenye michubuko. Mpigaji mmoja wa gitaa aliyekuja kututembelea alimsikiliza kidogo, akacheka, akasema kwamba chombo kile ni takataka, na kwamba kijana mwenyewe hana vidole vya muziki. Kesho yake mvulana alikirudisha chombo ofisini.

Nikamwuliza, "Mbona umekirudisha?"

Akajibu, "Mwalimu, nimeona mimi si mtu wa muziki."

Maneno hayo yalinichoma. Nilichukua rula, nikapima. Kwenye shingo ya mandolini kuna vipande vyembamba vya madini viitwavyo freti, na mpigaji hubonyeza uzi nyuma ya freti ili apate sauti aitakayo. Katika mandolini iliyotengenezwa sawasawa, uzi juu ya freti ya 12 husimama kwa kimo cha kama milimita moja na nusu, au mbili. Katika chombo kile nyuzi zilisimama karibu milimita nne. Kijana alikuwa akibonyeza nyuzi mbili za chuma kwa pamoja, kwa kila kidole, kwa kimo maradufu ya kile kipasacho. Hata mtu mzima mwenye mikono ya seremala angelia.

Tena kulikuwa na kosa la pili. Daraja la mandolini ya mbinuko halikugandishwa kwa gundi. Limeshikwa mahali pake na mgandamizo wa nyuzi tu, na kwa hiyo laweza kusogea. Freti ya 12 hupaswa kuwa nusu ya njia kutoka mwanzo wa uzi mpaka darajani, ili uzi ukibonyezwa hapo utoe sauti ile ile ya uzi mtupu, lakini ya juu yake kwa ngazi moja kamili. Daraja la chombo kile lilikuwa limesogea kuelekea shingoni. Kwa hiyo kila mvulana alipopanda juu ya shingo, sauti zilipotoka. Yeye alidhani sikio lake ni bovu. Kumbe sikio lake lilikuwa jema; ndilo lililomwambia kwamba kuna kosa, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia kosa ni la nani.

Tulikaa pamoja jioni mbili. Tuliliondoa daraja, tukausugua upande wake wa chini kwa msasa, kidogo kidogo, huku tukipima, mpaka nyuzi zikashuka. Tulilirudisha mahali pake, tukasikiliza sauti ya uzi mtupu na sauti ya freti ya 12 mpaka zikapatana. Tulitia nyuzi mpya. Gharama yetu ilikuwa kipande cha msasa na bei ya nyuzi. Mandolini haikugeuka kuwa chombo cha wafalme; sauti yake ilibaki kavu kidogo, na nyuzi nene zilibaki bila kina. Lakini mvulana aliishika, akabonyeza, akanitazama kwa mshangao, kwa sababu kwa mara ya kwanza haikumwumiza. Kabla ya muhula kwisha alikuwa akipiga nyimbo tatu mbele ya wenziwe.

Sasa nakuuliza, msomaji: nani alikuwa na kosa? Urahisi wa chombo? Chombo kile kile, cha bei ile ile, kilikuwa kimemfukuza kijana na kisha kikamrudisha. Kosa lilikuwa la watu wawili. Wa kwanza ni yule asemaye, "Hiki ni cha kujifunzia tu, hakihitaji kutengenezwa." Kauli hiyo ni ukatili uliovaa nguo za akiba. Mwanafunzi ndiye ahitajiye chombo chepesi kuliko watu wote, kwa maana bingwa anaweza kukishinda chombo kigumu kwa ufundi wake, na mwanafunzi hana cha kumshindia. Wa pili ni yule asemaye, "Hiki ni takataka," kabla hajakipima. Huyu wa pili huonekana ana maarifa, kumbe ni mvivu. Kudharau kunachukua dakika moja. Kupima kunachukua jioni mbili.

Najua wapinzani wangu watanijibu. Watasema, "Rahisi ni ghali. Anayenunua kibovu hununua mara mbili." Nakubali kwamba methali hiyo ina ukweli. Shingo iliyopinda hainyoshwi kwa msasa. Uso uliozama chini ya daraja, na mshono ulioachia, ni maradhi makubwa yatakayomla mwenyewe fedha nyingi kuliko chombo kilivyomgharimu. Lakini tazama: maradhi hayo huvipata vyombo vya bei kubwa pia, na jina la kichwani haliyazuii. Methali hiyo inatuonya tusinunue kibovu. Haikusema kwamba kila cha rahisi ni kibovu, na anayeitumia hivyo anaipotosha. Tunayo na methali nyingine ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watanijibu tena: "Mabingwa wote hutumia vyombo vya majina." Basi na tumtaje bingwa. Bill Monroe, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1911 na kufariki mwaka 1996, ndiye baba wa muziki uitwao bluegrass, na mandolini yake ni mashuhuri kuliko zote duniani. Ilikuwa Gibson ya aina ya F-5, iliyotengenezwa mwaka 1923. Ndiyo, ilikuwa chombo cha daraja la juu kabisa, na sifichi. Lakini sikiliza jinsi alivyoipata. Aina hiyo ilipotoka katika miaka ya 1920 haikupata wanunuzi wengi, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha igeukia banjo. Na katika miaka ya 1940 Monroe aliikuta yake katika duka la kinyozi huko Miami, akainunua kwa dola 150. Siku hizi mandolini za kundi hilo zimeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 moja moja. Niambie, ubao wake ulibadilika? Ulikuwa mzuri vile vile ulipokuwa ukutani kwa kinyozi bila mtu wa kuutaka. Bei ilipanda kwa sababu mtu alikuja akaipiga, watu wakasikia. Mkono ulitangulia, sikio likafuata, bei ikaja mwisho. Wapinzani wangu wanaanza mwisho, kisha wanashangaa kuwa hawafiki mwanzo.

Na kisa chake hakikuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Monroe hakuridhika na matengenezo aliyofanyiwa mandolini hiyo. Kwa hasira alichukua kisu, akalikwangua jina la Gibson kichwani, likatoka. Kwa muda wa miaka mingi alisimama mbele ya maelfu ya watu akiwa na mandolini isiyo na jina la aliyeitengeneza. Je, sauti ilipungua? Haikupungua hata kidogo. Kama kuna mtu anayetaka ushahidi kwamba sauti haikai katika jina, basi ushahidi ndio huo, umeandikwa kwa ncha ya kisu.

Kando ya Monroe nitamweka mtu mwingine, ambaye jina lake si kubwa hivyo. Yank Rachell alikulia karibu na Brownsville, katika jimbo la Tennessee, akawa mpigaji mashuhuri wa mandolini katika nyimbo za Wamarekani weusi ziitwazo bluzi. Alifariki mwaka 1997. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimpa nguruwe amlishe. Mtoto akaiona mandolini kwa jirani, hana fedha, akatoa nguruwe akapewa mandolini. Mama yake akakasirika, akamwambia kwamba wenziwe watakapokula nyama, yeye atakula mandolini yake. Sidhani kwamba katika biashara hiyo kulikuwa na mtu aliyeuliza jina la kiwanda. Mtoto alisikia sauti, akaitaka, akalipa alichokuwa nacho. Na mandolini ile, yenye bei ya nguruwe mmoja, ilimlisha kwa njia ambayo mama hakuitazamia.

Kabla sijamaliza, lazima niwageukie hata baadhi ya wanaoniunga mkono, maana nao wamepotea upande wa pili. Hao ni waabudu wa ukongwe. Husema, "Chombo hiki ni cha rahisi, lakini ni cha zamani, basi lazima kiwe kizuri." Kwa ibada yao vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya maskini vimepandishwa bei, hata leo A-Jr ya zamani iliyo nzima huuzwa ghali kuliko mandolini mpya nyingi za wanafunzi. Uzee haumpi mtu akili kwa lazima, wala chombo sauti. Ubao mbaya wa mwaka 1930 ni ubao mbaya uliozeeka. Mimi siitetei mandolini ya zamani ya bei rahisi kwa sababu ni ya zamani, wala kwa sababu ni rahisi. Naitetea kwa sababu kesi yake ilikatwa bila ya kusikilizwa.

Basi wewe utakapokutana na chombo cha namna hii, kwenye ghala ya shule, au kwa mzee wa jirani, au sokoni, fanya hivi. Usitazame kichwa. Tazama shingo kwanza, kwa kuiangalia kutoka mwisho wake kama seremala aangaliavyo ubao, uone kama imenyoka. Tazama uso chini ya daraja, uone kama mbinuko ungali umesimama au umebonyea. Gonga mgongo polepole kwa kifundo cha kidole, usikie kama kuna mshono unaopiga kelele. Pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Linganisha sauti ya freti hiyo na ya uzi mtupu. Kisha piga, au mwombe ajuaye akupigie, nawe ufumbe macho. Sikiliza kama nyuzi nene zina kina na nyembamba zina uwazi. Sikiliza sauti inachukua muda gani kufa. Ukisha fanya hayo yote, ndipo ufumbue macho usome jina, ukitaka. Na ukilikuta ni la kudharauliwa, usiibadili hukumu yako kwa sababu ya haya.

Hayo ni machache, na yanamhusu kila mtu atakayeshika chombo cha muziki nchini mwetu, kiwe mandolini, au gitaa, au udi. Shule zetu nyingi hazina fedha za majina makubwa, wala hazitakuwa nazo kesho. Tukingoja mpaka tupate vyombo vya kifahari ndipo tujifunze, tutangoja mpaka vidole vyetu vikauke. Lakini tukivipima tulivyo navyo kwa haki, tukavitengeneza vinavyotengenezeka, tukavitupa vile tu ambavyo kweli vimekufa, tutashangaa jinsi muziki ulivyo karibu nasi.

Yule mvulana wangu hakuwa na kosa la vidole. Alikuwa na kosa la milimita mbili. Ni vijana wangapi wengine, msomaji, walioambiwa kuwa hawafai, kwa sababu hapana mtu aliyechukua rula akapima? Ukimwona mmoja wao, usimcheke, wala usimwonee huruma. Mwombe akupe chombo chake ukitazame.